Kizibo cha Shanga

Kizibo kilikuwa cha soda. Kingo zake zilikuwa zimelazwa kwa nyundo zisikwaruze vidole, na kwa kizibo hicho Shangazi aliuza shanga: kizibo kimoja shilingi 50. Alichota, akapitisha rula juu yake kama mwuza mchele anavyopitisha kiganja juu ya kibaba, zilizozidi zikarudi koponi. Mtoto aliweka mezani sarafu yake yenye kifaru na mwanawe, akapokea shanga ndani ya kipande cha gazeti kilichokunjwa kama cha karanga, akatoka mbio. Mwaka 1997 nilikuwa darasa la tano. Kazi yangu ilikuwa kukunja magazeti na kuandika mauzo kwenye daftari, na kwa kuwa niliandika kila shilingi iliyoingia, nadhani ninayo haki ya kueleza jinsi duka lile lilivyopona.

Lilikuwa hatua chache kutoka Soko Kuu la Arusha, kwenye mtaa ambao ukitoka sokoni na kapu lako unawapita wauza mitumba, fundi saa, na makonda wa vifodi wanaogombania abiria wa Sakina na Kijenge. Chumba kimoja, mlango wa bati, kaunta ya mninga. Asubuhi, kabla mawingu hayajakusanyika, ukisimama kizingitini uliuona Mlima Meru wote juu ya mapaa, mita 4,566 za jiwe na msitu. Ikifika saa nne ulikuwa umeshajifunika shuka na kulala. Wateja wa Shangazi nao walikuwa hivyo hivyo. Januari shule zikifunguliwa tuliwaona wote, wazazi kwa foleni, daftari, rula, penseli, kaunta buku. Masika yakianza, tulikaa tukitazamana na inzi.

Shangazi alikuwa mwalimu wa sayansi kimu. Alianza kazi wakati Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere bado ni mpya, na hadi uzee wake aliamini kwamba mtoto asiyejua kushika sindano amesoma nusu. Miaka ya tisini, watumishi walipopunguzwa kazini, naye alikuwamo. Akapewa kiinua mgongo na maneno mazuri. Baba akamshauri anunue ng'ombe wa maziwa. Ndugu zetu wa Akheri, kule juu kwenye migomba na kahawa, wakamshauri ajenge vyumba vya kupangisha. Yeye akafungua stesheneri mwaka 1996, na humo akaweka vitu vilivyowachekesha majirani: nyuzi za kufumia, sindano za kroshia, manila za rangi zote, rangi za maji, gundi, na makopo sita ya shanga. Majirani walisema Mwalimu amefungua duka la michezo.

Tatizo, kama alivyolieleza mwenyewe jioni moja akihesabu sarafu chache, ni kwamba watoto wa Arusha walishajua kutengeneza kila kitu bila yeye. Mpira ulikuwa mifuko ya nailoni na kamba. Gari lilikuwa waya wa ua wa mtu na matairi ya ndara iliyokatika. Mwanasesere alikuwa gunzi la mahindi, nywele zake tayari. Kishada kilikuwa gazeti na chelewa za ufagio wa mama, na kipigo kilichofuata.

"Nimuuzie nini mtoto anayeokota?" aliniuliza.

Sikuwa na jibu. Jibu lililetwa na mgeni.

Mji wakati ule ulikuwa umeanza kujaa wageni. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyoundwa na Umoja wa Mataifa mwishoni mwa 1994, ilikuwa imepiga kambi katika jengo la mikutano la AICC, na wafanyakazi wake walikuja na familia. Sisi tulisema tu "watu wa Mahakama." Mmoja wao, mama wa Afrika Magharibi aliyevaa kitenge cha kupendeza na kusema Kiswahili cha kutafuta neno moja moja, aliingia dukani na wanawe wawili waliochoka kuvutwa mkono. Akanunua bahasha. Kisha akauliza kama kuna mahali mjini watoto wanaweza kukaa na kutengeneza kitu wakati yeye anamalizia mambo yake sokoni. Shangazi hakuwahi kusikia mahali kama hapo. Lakini alikuwa mwalimu asiye na darasa, na mtu wa namna hiyo ni rahisi kumjaribu. Aliburuta meza ya akiba hadi barazani, akawapa wale watoto manila, mkasi na gundi, akawaonyesha kukunja kikapu cha karatasi.

Mama yule alirudi baada ya saa nzima. Wanawe hawakutaka kuondoka. Na nyuma yao, kwa umbali wa heshima, walisimama watoto wa mtaa kama kumi na wawili, wamenyamaza kabisa, wanatazama mkasi.

Jumamosi iliyofuata Shangazi alitoa mabenchi mawili. Saa tatu hadi saa tano asubuhi, kiingilio hakuna, ila mikono inaoshwa. Niliandika tangazo kwa kalamu ya wino mzito, nikalibandika mlangoni chini ya lile la "Leo pesa, kesho mkopo."

Jumamosi ninayoikumbuka kuliko zote ni ya shanga. Shangazi mwenyewe hakujua kazi ya shanga. Alijua kufuma na kudarizi. Akaenda sokoni kumwomba mama wa Kimasai aliyekuwa akiuza mikufu kwenye kona, mtu mzima, masikio yametobolewa na kurefuka. Sote tulimwita Yeyo. Malipo yake yalikuwa kopo moja la shanga, na alilichagua kwa muda mrefu, akizimimina kiganjani na kuzigeuza juani kama mtu anayekagua mbegu. Shanga zenyewe, ambazo mtalii akiziona shingoni mwa Mmasai hudhani zina asili ya Monduli, kwa kawaida zilitengenezwa kwenye viwanda vya kioo vya Ucheki, zikaja kwetu kupitia Nairobi na Namanga. Yeyo hakujali zilitoka nchi gani. Alijali kama zinalingana. Aliyoiona nene kuliko wenzake aliitupa chini bila kuitazama mara ya pili.

Hakutumia sindano. Alikata uzi wa nailoni, akausugua kwenye kipande cha mshumaa hadi ncha ikasimama yenyewe, akaiingiza kwenye shanga tatu kwa mpigo, tatu tena, tatu tena. Kati ya safu na safu aliweka kijiti chembamba chenye matundu ili zisipandane; alikikata mbele yetu kwenye dumu la mafuta ya kula, kwa kisu, akakitoboa kwa msumari uliopashwa moto. Harufu ya plastiki iliyoungua ikajaa barazani. Watoto walijaribu. Nyuzi zililegea, shanga zilimwagika, mbili zilipatikana puani mwa mdogo wa mtu. Mvulana mmoja aliyekuwa akisifiwa shuleni kwa hesabu alikosea mpangilio mara nne.

"Huyu anahesabu kwa macho," Yeyo alimwambia Shangazi. "Mwambie ahesabu kwa kidole."

Akahesabu kwa kidole, ikakaa.

Saa tano ilipofika hakuna aliyekuwa amemaliza. Bangili ya mtoto inahitaji shanga nyingi kuliko mtu anavyofikiri, na muda ulikuwa mdogo. Shangazi akawaruhusu waondoke na walichofikia. Jumatatu jioni, bado wamevaa sare za shule, walianza kuja. Hawakuja kutazama tena. Kila mmoja alijua hasa anachotaka: kizibo kimoja cha nyeupe, nusu kizibo cha bluu, uzi urefu wa mkono. Kwa mara ya kwanza toka duka lifunguliwe niliandika ukurasa mzima kwa siku moja.

Hapo ndipo nilipodhani nimeelewa biashara. Mtoto anayeokota, nikajiambia, ataokota hadi afike mahali ambapo kitu hakiokotwi. Waya upo jalalani, shanga hazipo. Gazeti lipo, rangi haipo. Kinachotakiwa ni kumfikisha mtoto mpaka ule ukingo, kisha duka liwe wazi. Nilikuwa na miaka 11 na nilijiona tajiri mtarajiwa. Miaka mingi baadaye nilisoma habari za Frank Hornby wa Liverpool, aliyesajili mwaka 1901 vile vyuma vyenye matundu vilivyokuja kuitwa Meccano, na kampuni yake ikaanzisha chama cha vilabu vya wavulana mwaka 1919. Wavulana wakakutana, wakaonyeshana walichojenga, kila mmoja akagundua boksi lake lina vipande vichache kuliko la mwenzake. Nikacheka peke yangu. Kumbe ni kizibo kile kile cha soda.

Lakini nadharia yangu ilipata ajali mapema. Kulikuwa na mvulana wa mtaa wa Unga Limited ambaye kila Jumamosi alisimama nje, miguu peku, asiingie hata akiitwa. Siku moja alikuja na gari la waya, Land Rover, na ninaposema Land Rover sitanii: milango ilifunguka, tairi la akiba lilikuwa nyuma, usukani ulikuwa mrefu hadi kifuani na matairi ya mbele yalipinda nao. Shangazi alilizunguka mara mbili. Kisha akamwambia, "Jumamosi ijayo mwalimu ni wewe, baba."

Walikuja watoto wengi kuliko siku yoyote. Yule mvulana alifundisha kwa kunong'ona, bila kumtazama mtu, koleo la kuazima mkononi. Waya waliuleta wao, ndara walizileta wao, vizibo waliviokota mbele ya duka letu. Saa tano magari ishirini na kitu yaliondoka barazani kwa msafara yakipiga honi kwa midomo. Nilifungua daftari nikaandika: mauzo, 0.

Shangazi alikuwa akicheka. Mimi nilinuna.

Kwa haki ya historia niongeze kwamba wiki ile waliulizia rangi ya mafuta, na tukaanza kuiuza kwa kizibo pia. Lakini si kwa wingi wa kujisifia.

Aliyetubadilisha alikuja mwaka 1998, jioni, tukiwa tunapanga kufunga. Alikuwa fundi viatu wa mtaa wa pili, mtu mpole, baba wa binti mmoja wa shanga. Akasalimia, akakataa kiti.

"Mwalimu, nikuulize. Unamfundisha mwanangu kazi ya mikono, au unamfundisha kuniomba hela?"

Shangazi akaacha kupanga.

"Tangu aanze kuja hapa, kila jioni ni hamsini, hamsini. Anaanza kitu hapa, anamalizia mfukoni mwangu. Mimi hamsini yangu naijua ilikotoka."

Nilitegemea Shangazi ajibu. Alikuwa na ulimi wa ualimu, na haikuwa kawaida yake kuachiwa neno na mtu. Alisema tu, "Umesema kweli," akamshukuru, na yule mzee akaenda zake akionekana ameshangaa kushinda haraka namna ile. Usiku huo hakuniomba daftari la mauzo.

Jumamosi iliyofuata kulikuwa na sheria mpya mbili. Ya kwanza: kinachoanzwa mezani kinamalizwa mezani. Kama bangili ni ndefu mno, tutafanya ya kidoleni. Ya pili: kuanzia saa tatu hadi saa tano droo ya hela inafungwa kwa ufunguo, na mtoto hauziwi kitu hata akilia. Kando ya meza akaweka boksi la mabaki, vipande vya manila, nyuzi fupi, shanga zilizofagiwa sakafuni, na yeyote aliruhusiwa kuchukua.

Nisidanganye. Mauzo ya shanga yalianguka, na hayakurudi tena pale yalipokuwa. Halafu ukaja msimu wa vishada, Julai, baridi ya Arusha ile ya kupumua moshi, na gundi tuliyouziwa kwa bei ya jumla na mfanyabiashara mmoja, weupe wake wote ukiwa maji, ikakataa kukauka. Tuliwapeleka watoto kwenye uwanja wa shule ya jirani. Upepo ulikuwa mzuri. Vishada vilipanda, na kimoja baada ya kingine vikavuliwa nguo huko huko angani. Karatasi ikaenda upande wa Themi, chelewa zikaanguka kwetu. Mtoto mmoja alibaki ameshika uzi usio na kitu na bado anaukimbiza.

Shangazi akawarudisha barazani wote. Akawasha jiko la mkaa, akakoroga unga wa ngano na maji kwenye kopo, akaupika hadi ukawa mzito na kung'aa, akawaonyesha: hii ndiyo gundi, mnaweza kuipika kwa mama zenu. Inashika karatasi kuliko ile tuliyokuwa tukiuza. Mimi mhasibu nilisimama pale nikitazama duka likijiua lenyewe kwa mkono wake. Vishada vya Jumamosi iliyofuata vilikaa juu mpaka tukachoka shingo.

Kilichonifumbua macho ni ukurasa wa Januari 1999. Shule zilipofunguliwa foleni ilitoka mlangoni ikapita kwa fundi saa. Walikuja wazazi ambao hapo awali walinunua madaftari kwa wauzaji wa jumla karibu na stendi, kwa bei nafuu kidogo kuliko yetu. Yule fundi viatu alikuja na orodha ya shule ya watoto wake watatu, akanunua vyote kwetu, hakuomba kupunguziwa. Mama mmoja aliacha hela nzima juu ya kaunta akasema, "Mwalimu, mpe anachohitaji, mimi nitapitia chenji jioni." Tuliuza mwezi ule zaidi ya tulivyouza kwa miezi yote ya shanga. Shangazi hakusema kitu. Mimi ndiye niliyehesabu mara mbili, kwa kidole.

Mwaka 2000 nilikuwa kidato cha kwanza na nilikuwa nikijiona mkubwa mno kwa meza ile, ila Agosti nilirudi bila kuombwa. Mazungumzo ya amani ya Burundi, aliyokuwa akiyasimamia Mwalimu Nyerere hadi alipofariki Oktoba 1999, na baada yake Mzee Mandela, yalikuwa yamefikia siku ya kutia saini, na siku hiyo ilikuwa Jumatatu tarehe 28 Agosti, hapo hapo Arusha. Rais Clinton alikuwa anakuja. Mji ulipigwa rangi, ukafagiwa, ukajaa askari. Jumamosi tarehe 26 watoto walitaka bendera.

Bendera yetu ni ngumu kuliko inavyoonekana. Ukikata kila rangi peke yake, mistari ya njano haitalingana na utamaliza manila. Shangazi aliwafundisha kuanza na karatasi nzima ya bluu, kubandika pembetatu ya kijani juu kushoto, kisha utepe mpana wa njano kutoka chini kushoto kwenda juu kulia, na juu ya njano utepe mweusi mwembamba zaidi. Njano hubaki imejitokeza pande zote mbili, sawasawa. Watoto wengi waliupeleka mshazari upande usio wake na kupata bendera ya nchi ambayo haipo. Mwana mmoja wa watu wa Mahakama alitaka ya Burundi, na nyota zake tatu za pembe sita zilitutoa jasho. Mwingine akaomba ya Marekani.

"Nyota hamsini?" Shangazi alisema. "Hapana, mwanangu. Clinton atatusamehe."

Manila za njano na nyeusi ziliisha kabla ya saa tano. Aliyekosa alipewa kutoka boksi la mabaki. Droo ilikuwa imefungwa.

Alifunga duka mwaka 2002. Kodi ya chumba ilipanda, magoti yake yakachoka kusimama, na wanasesere wa plastiki wa bei ya chini walikuwa wameshafika kila kona ya soko. Akarudi Akheri, akapanda maua na kufuma vitambaa vya viti hadi macho yalipokataa. Mwaka 2007 mjini Arusha ilianza karakana ya Shanga, inayoajiri watu wenye ulemavu na kuyeyusha chupa zilizotumika kuwa shanga na vyombo. Mgeni hutazama kwanza mikono ikifanya kazi, kisha hupita dukani. Nilimpeleka Shangazi kuiona. Alitazama sana, akauliza mwanga wa tanuri unaumiza macho kiasi gani, na njiani kurudi akasema walio karibu na moto wapewe maziwa.

Chumba chetu cha zamani sasa kinauza kava za simu na chaja. Baraza imezungushiwa vioo.

Daftari ninalo mimi. Nyuma yake kuna ukurasa ambao nilikatazwa kuuonyesha mtu, wa watoto waliokopeshwa siku za kawaida, licha ya tangazo la mlangoni: kizibo kimoja, uzi, gundi nusu. Ni majina 17. Waliolipa wamekatwa kwa kalamu nyekundu, nao ni 15.

Wa kumi na sita ni yule mvulana wa Unga Limited, kizibo kimoja cha rangi ya mafuta, nyekundu. Wa kumi na saba ni mimi.